Kliniki Iliyoniuliza Kuhusu Siku Zangu za Raha

Kwa miezi kumi na minne sasa nimekuwa nikitibiwa katika kliniki ndogo ya magonjwa ya akili iliyoko Hurlingham, hapa Nairobi. Kabla ya kwenda huko nilitafuta kwa wiki nzima maelezo ya mtu aliyewahi kupita mlango kama huo, nisiyapate; ndiyo maana nimeona niandike yangu. Jina la kliniki nitalihifadhi, kwa kuwa nina malalamiko kadhaa juu yake, wafanyakazi wake hawazidi kumi, na mimi mwenyewe nina wateja ambao sijaamua kama wanastahili kuzijua habari zangu. Anayetafuta huduma ya aina hii atapata humu mambo ya kuipimia kliniki yoyote atakayoifikia.

Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Mombasa niliyeolewa Nairobi, na nina karakana ya mashine tano huko South C ambako tunashona sare za shule, madera, na nguo za harusi zinapokuja. Kazi hii ina majira yake: Januari, Aprili mwishoni na Agosti mwishoni hatulali kwa sababu ya shule kufunguliwa, na miezi mingine tunahesabu vifungo. Nalitaja hili kwa sababu kwa miaka sita kupanda na kushuka kwangu kulijificha ndani ya majira hayo. Nilipokesha, watu walisema shule zinafunguliwa. Nilipolala mchana kutwa, walisema ni uchovu wa kazi iliyopita. Nyumbani tu ndiko kulikokuwa na majina mengine. Mume wangu ni mtoto wa mvuvi wa Likoni, na bila ubaya wowote alizoea kusema "leo bamvua" ninapoamka saa tisa za usiku nikiimba na kupanga kabati upya, na "leo maji mafu" ninaposhindwa hata kuchana nywele. Tulicheka. Bamvua na maji mafu ni mambo ya bahari yanayofuata mwezi, na nani aliyewahi kuupeleka mwezi hospitali?

Nilipoamua kutafuta msaada kwa mara ya kwanza, Agosti 2024, niliutafuta mahali pasipofaa, ingawa kosa halikuwa langu peke yangu. Nilikwenda kwenye kituo cha afya cha kawaida karibu na nyumbani nikiwa ndani ya maji mafu, nikamweleza aliyenipokea kwamba moyo ni mzito, silali vizuri, chakula hakipiti, na kazi imenishinda. Hakunisikiliza vibaya. Lakini mazungumzo yetu hayakuzidi dakika kumi, na yote yalikuwa juu ya huzuni, kwa sababu huzuni ndiyo niliyokwenda nayo. Nilitoka na dawa ya kuondoa unyogovu ya mwezi mzima, bila tarehe ya kurudi. Wiki ya tatu nilikuwa sihitaji usingizi. Kwa usiku nne mfululizo nililala kwa saa mbili au tatu tu, nikaamka mwepesi kama unyoya, na asubuhi ya tano nikapanda gari kwenda Eastleigh nikanunua majora kumi na saba ya kitambaa cha buluu kwa ajili ya shule ambayo haikuwa imeagiza hata soksi. Nilikuwa na hakika kwamba shule ile ingebadilisha sare zake ikiona sampuli yangu. Majora hayo yaligharimu shilingi 148,000, sehemu yake ikiwa akiba ya ada ya mtoto wetu Zuhura, sehemu ikiwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, na iliyobaki ikiwa mikopo miwili ya simu ambayo riba yake siipendi kuikumbuka.

Oktoba maji yalikupwa. Sitaeleza sana wiki zile, kwani aliyezipitia anazijua na asiyezipitia hazielezeki. Niseme tu kwamba yalianza kunijia mawazo kwamba nyumba ile ingepumua vizuri zaidi bila mimi. Shangazi yangu alikuja kutoka Mombasa, akamwita mwalimu wa msikiti kunisomea. Wengi wangetarajia kwamba hapa nitamlaumu mwalimu, lakini alinisomea kwa upole, akaninywesha maji, kisha akamgeukia shangazi: "Mama, kisomo hakimzuii mtu kwenda hospitali. Mpelekeni, na kisomo kitaendelea." Dada yangu mkubwa ndiye aliyepiga simu kliniki ile ya Hurlingham, akapewa nafasi baada ya siku sita. Leo ninajua kwamba kwa mawazo niliyokuwa nayo siku sita zilikuwa nyingi, na kwamba aliyepokea simu alipaswa kuuliza swali moja la ziada kabla ya kutupangia tarehe. Hilo ni lalamiko langu la kwanza.

Kufika ni rahisi. Kutoka South C nilipanda matatu hadi mjini, kisha namba 46 inayokwenda Kawangware, nikashuka Hurlingham. Jengo ni la ghorofa nne na halina lifti. Kliniki iko ghorofa ya tatu, na mlangoni hapajaandikwa neno lolote la akili, ila majina ya madaktari tu, jambo ambalo mgeni mwenye hofu hushukuru. Viti vya kungojea vimeelekezwa dirishani, kwa hiyo watu hawatazamani nyuso, na mapokezi hukupa namba badala ya kukuita jina kwa sauti. Miadi yangu ilikuwa saa tatu asubuhi. Niliingia saa tatu na dakika ishirini. Kwa Nairobi hiyo ni heshima.

Muuguzi ndiye aliyetangulia kunihoji. Baada ya uzito na shinikizo la damu aliniuliza kuhusu pombe, miraa, muguka, dawa za kupunguza mwili, vidonge vya uzazi wa mpango na dawa nyingine yoyote niliyomeza miezi ile, ikiwemo ya miti shamba. Nilimjibu kwamba sitafuni wala sinywi, ila nina kahawa tungu, na kwamba siku za kukesha naweza kumaliza birika. Aliandika. Sikudhani birika la kahawa lingeingia katika faili la hospitali. Nilipomwonyesha pakiti ya ile dawa ya Agosti, aliiandika tarehe yake kwa kalamu nyekundu.

Daktari ni mwanamke wa makamo, bingwa wa magonjwa ya akili, mpole wa sauti na mgumu wa maswali. Nilikuwa nimekwisha kuipanga hotuba yangu ya huzuni tangu ndani ya matatu, lakini aliisimamisha kabla haijaanza.

"Mama, huzuni tutaifikia," alisema. "Kwanza niambie habari za siku ambazo ulijiona huna shida hata moja duniani."

"Hizo si ugonjwa, daktari. Hizo ndizo zinazonilipia kodi."

Hakubisha. Aliniuliza tu siku hizo hulala kwa saa ngapi, huzungumza kwa kasi gani, hununua nini, hugombana na nani, na zinapokwisha huacha nini nyuma yake. Nikajikuta namweleza juu ya majora kumi na saba, ambayo hata dada yangu aliyekaa kando yangu alikuwa hajui idadi yake. Nilimtajia pia maneno ya mume wangu. Akauliza bamvua ni nini, kwani yeye ni mtu wa bara; dada akamfafanulia kwamba ni siku ambazo maji hujaa kupita kawaida na pia hutoka kupita kawaida, na maji mafu ni siku ambazo bahari haijai sana wala haitoki sana. Daktari akatabasamu, akasema mume wangu amekosea jambo moja: katika bamvua yenyewe mna kujaa na kutoka pamoja, na ndivyo ugonjwa wangu ulivyo. Tangu siku hiyo faili langu lina neno hilo.

Kama ningetakiwa kutaja jambo moja tu lililonifanya niilipe kliniki hii pesa zangu kwa moyo mkunjufu, ningetaja swali lile. Mtu akianguka hujipeleka hospitali au hupelekwa. Akipaa hakuna anayempeleka popote, maana yeye ni mchangamfu, ana kazi, anatoa zawadi. Hivyo daktari asiyeuliza kuhusu kupaa huona nusu ya ugonjwa na hutibu nusu hiyo, na dawa ya unyogovu ikitolewa peke yake kwa mtu wa aina yangu inaweza kumsukuma apande zaidi. Daktari hakusema kwamba majora yale yalitokana na ile dawa, kwa sababu niliwahi kupanda hata kabla yake. Alisema inawezekana iliniongezea upepo, na kwamba kila nitakapokwenda kwa daktari mwingine nianze kwa kumwambia hivyo.

Aliomba mambo mawili kwa ajili ya ziara ya pili: mtu anayeishi nami aje, na mimi nilete chochote chenye tarehe kinachoonyesha miezi kumi na miwili iliyopita. Sikuwa na shajara. Nilichokuwa nacho, kama kila Mkenya, ni M-Pesa. Niliagiza taarifa ya mwaka mzima, dada akaichapisha, ikawa kurasa nyingi kuliko msahafu mdogo, na nilipoiweka mezani daktari alivua miwani akaivaa tena. Tuliisoma pamoja sisi wanne, kwani mume wangu alikuja. Mwezi Machi kulikuwa na miamala ya saa nane, saa tisa na saa kumi za usiku kwa siku sita mfululizo: zawadi kwa binamu nisiowasiliana nao, amana ya cherehani ya mtumba ambayo sikuwahi kwenda kuichukua, mchango wa harusi ya mtu nisiyemkumbuka. Halafu Aprili, wakati karakana ilipaswa kuchemka, kulikuwa na siku tisa ambazo hapakuwa na muamala wowote, hata wa nauli wala maziwa. Ule weupe wa karatasi ulinitia baridi kuliko manunuzi. Mume wangu aliushika ukurasa ule kwa muda, akasema polepole, "Siku hizi ndizo nilizokuwa nikimtunza Zuhura peke yangu." Septemba tukaikuta tena hali ile ya Machi, na majora yangu yamo.

Hapo ndipo daktari alipotufafanulia tofauti ninayoiona kuwa muhimu kwa yeyote anayejiuliza kama aende au asiende. Kila binadamu hupanda na kushuka. Njaa, ugomvi, hedhi, usingizi mbovu na deni huweza kumbadilisha mtu asubuhi na kumrudisha jioni, na hayo peke yake si ugonjwa. Wanachotafuta wao ni mabadiliko yanayokaa na kumtoa mtu katika tabia yake: huzuni au kukosa hamu ya mambo karibu kila siku kwa wiki mbili, kuchangamka au kuwaka hasira kusiko kwa kawaida yake, pamoja na kulala kidogo bila kuchoka, kwa siku nne au zaidi, na hali hiyo ikifika wiki nzima na kuvuruga maisha, au ikimfanya mtu aone na kusikia yasiyokuwepo, au ikimlazimu alazwe, basi ni ngazi nyingine. Nilimuuliza, hivi mtu asubiri siku nne zitimie ndipo aje? Alicheka, akasema hesabu hizo ni za daktari kuupa ugonjwa jina na hazijawekwa ili mgonjwa azingoje. Mgonjwa atazame vitu ambavyo hata mtoto anaweza kuviona: usingizi, pesa, kazi, na yale wanayoyasema watu waliomjua zamani. Viwili kati ya hivyo vikiyumba pamoja kwa siku kadhaa, aje. Mawazo ya kufa hayana hesabu ya siku. Ni ya leo hii.

Hili la mwisho lilinigusa, kwa kuwa mwezi ule wa Novemba nilikuwa nimeficha. Nilisikia kwamba mtu akikiri jambo kama hilo anaweza kushtakiwa, na ni kweli kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, ingawa kuwaza peke yake hakujawahi kuwa kosa. Daktari alinieleza kwa utaratibu kwamba anachotaka ni kujua usalama wangu, na kwamba chumba kile si kituo cha polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Natamani habari hiyo ingewafikia watu wengi zaidi, maana hofu ya kifungu ilikuwa imewaziba midomo hata wasiokijua namba yake.

Jina la ugonjwa sikupewa siku ya kwanza wala ya pili. Kabla yake nilipimwa damu, figo, tezi ya shingo ya thairoidi na mimba, kwa sababu tezi ikifanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi huweza kuiga hali hizi, na niliagizwa kuweka alama za hedhi kwenye kalenda ili ionekane kama kupanda na kushuka kwangu kunafuata mwezi wa mwili. Hakukufuata. Ziara ya tatu nikaambiwa ni baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, aina ya pili, ambayo kupanda kwake hakufiki ile ngazi nyingine. Dada yangu alilia. Mimi nilihisi kama mtu aliyekuwa akishona gizani akawashiwa taa, akaona mishono yote ilipopinda.

Gharama nitazitaja wazi, kwa kuwa nilipokuwa nikitafuta hakuna aliyezitaja. Ziara ya kwanza nililipa shilingi 5,500, na zilizofuata 4,000 kila moja. Nililipa kutoka mfukoni. Ilikuwa mwezi mmoja tu tangu bima ya afya ya umma ya SHA ichukue nafasi ya ile ya NHIF, na mapokezi waliniambia hawapokei kadi yoyote ya umma. Vidonge vyenyewe ni nafuu kuliko nilivyodhani. Kinachokula pesa ni vipimo vya damu.

Napewa lithiamu. Si dawa ya jana: daktari wa Australia, John Cade, ndiye aliyeandika mwaka 1949 juu ya dawa hiyo kuituliza akili iliyopanda, na hadi leo ni miongoni mwa dawa zinazotegemewa zaidi kwa ugonjwa huu. Kwa kuwa mume wangu na mimi hatujafunga mlango wa uzazi, daktari aliiondoa mapema valproeti, dawa nyingine ya ugonjwa huu, katika mazungumzo, kwani humdhuru sana mtoto aliye tumboni. Lithiamu nayo ina tahadhari zake kwa mjamzito, na nimeagizwa nisiache kumwambia mapema tukiamua. Ubaya wa lithiamu ni kwamba nafasi kati ya kipimo kinachotibu na kipimo kinachodhuru ni nyembamba. Kwangu analenga kati ya 0.6 na 0.8 milimoli katika lita ya damu, ikipita 1.5 sumu huanza kujionyesha kwa wengi, kwa mikono kutetemeka sana, kutapika, kuhara, kuyumba kama mlevi. Maji yakipungua mwilini, lithiamu hupanda. Chumvi ikipunguzwa ghafla, hupanda. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo hapa mjini tunazinunua kama peremende, nazo huipandisha. Sikuwahi kuandikiwa diklofenaki na daktari yeyote, na bado nilikuwa na kadi nzima ya vidonge vyake kwenye droo ya cherehani, kwa ajili ya mgongo. Muuguzi alinitaka niitupe. Mgongo sasa natumia Panadol, na kiti kipya.

Hapa ndipo kliniki iliponikosea kwa namna iliyoniumiza mfukoni. Kipimo cha lithiamu huchukuliwa saa kumi na mbili baada ya kumeza dozi ya mwisho, kwa sababu damu ikitolewa mapema zaidi husoma juu kuliko ilivyo. Hakuna aliyeniambia hivyo. Asubuhi ile nilimeza dawa pamoja na chai, nikaenda, nikachomwa sindano, nikalipa, na alasiri nikapigiwa simu ya haraka nikiambiwa kiwango kimepanda. Nililala usiku ule nikihesabu mitetemo ya vidole. Kesho yake daktari aliniuliza nilimeza saa ngapi, akanyamaza, akasema kipimo kirudiwe. Kikarudiwa kwa gharama yangu. Mtu wa maabara angeuliza swali moja tu kabla ya sindano. Baada ya mimi kulalamika kwa maandishi waliweka karatasi ukutani yenye maelezo hayo, lakini pesa hazikurudi.

Lalamiko jingine ni la ujumbe wa simu. Mwezi Februari, nikiwa nampima mteja kiuno, simu yangu iliyokuwa mezani ilimulika kwa maneno yaliyotaja kliniki ya akili na saa ya miadi yangu. Mteja alisoma, sikumlaumu, maandishi yalikuwa makubwa. Kliniki inayojali kuficha neno hilo mlangoni mwake ilipaswa kulificha pia mfukoni mwa mgonjwa. Siku hizi ujumbe husema tu "una miadi".

La mwisho ni zito zaidi. Jumamosi moja ya Juni, usiku, mawazo yale yalirudi. Namba ya kliniki iliita bila kupokelewa, na hapakuwa na sauti iliyorekodiwa ya kumwelekeza mtu kwingine. Mume wangu ndiye aliyekumbuka 1199, namba ya Msalaba Mwekundu wa Kenya isiyo na malipo. Nilizungumza na mtu ambaye sitamjua kamwe, dada akaja kulala nasi, na Jumatatu daktari alinipokea bila miadi. Alisikitika kweli, nakiri. Hata hivyo, naona kliniki inayotibu watu wa aina yetu na kufunga simu Ijumaa jioni lazima iandike kwenye kila kadi ya mgonjwa namba ya kupiga na hospitali ya kukimbilia. Sasa ipo kwenye kadi, kwa muhuri uliopigwa upande.

Kwa upande wa ufuatiliaji wa kawaida sina la kulaumu, na Ramadhani ya mwaka jana ndiyo iliyonishawishi nibaki. Mapema mwezi Februari, kabla sijauliza, daktari aliniuliza kama nafunga. Nilikuwa nimejiandaa kudanganya. Badala ya kunikataza au kuniachia, alipima damu kwanza, akahamishia dozi yote usiku, akanipangia kiasi cha maji kati ya futari na daku, akaniwekea kipimo katikati ya mwezi, na akanitaka niahidi mbele ya mume wangu kwamba nikitapika au kuhara nitafungua, nitasimamisha dozi na nitapiga simu. Mpango huo ulikuwa wangu, kwa figo zangu na kiwango changu. Mwingine huenda akaambiwa asifunge kabisa, na amsikilize daktari wake. Alizungumza pia juu ya daku lenyewe, kwamba usingizi unaokatwa kila usiku kwa mwezi mzima waweza kuamsha bamvua, kwa hiyo nilale mapema na tarawehe niswali nyumbani baadhi ya siku. Nilifunga siku ishirini na moja. Mwalimu wa msikiti aliniambia zilizobaki zina hukumu yake, nisihangaike.

Nani aende huko? Mwenye uwezo wa kulipa bila kukopa, na asiye katika hatari ya usiku ule. Aliye katika hatari asingoje miadi ya siku sita kama nilivyongoja mimi. Aende kitengo cha dharura cha hospitali kubwa iliyo karibu naye, akiwa na mtu. Na asiyemudu gharama asidhani kwamba mlango umefungwa: Mathari, pale Thika Road, iliyofunguliwa mwaka 1910, ndiyo hospitali kuu ya taifa ya rufaa ya magonjwa ya akili, na ina huduma kwa wagonjwa wa nje. Jina lake tumeligeuza tusi tangu utotoni, mimi nikiwa mmoja wao, na nilipompeleka huko fundi wangu mmoja mwezi wa Septemba nilikaa kwenye benchi nikiona haya kwa ajili ya utani wangu wote wa zamani.

Majora kumi na moja bado yako karakana. Sita yamekuwa aproni na mifuko ya vitabu, na moja kati ya mikopo miwili imekwisha. Bado naenda Hurlingham kila baada ya wiki nane, nikiwa na taarifa ya M-Pesa ya wiki hizo, kwani imekuwa desturi yetu. Ziara iliyopita daktari aliipitia kimya hadi akaweka kidole kwenye muamala mmoja wa saa nane na dakika kumi za usiku, akanitazama juu ya miwani.

"Na hii, Mama Zuhura?"

"Tokeni za stima, daktari. Tulikuwa gizani."

Alimgeukia mume wangu athibitishe, ndipo akageuza ukurasa.